Marehemu hakumtaja katika wasia, lakini anauza shamba: je, ni mwanawe kweli?

Mwalimu wa Raskazone ameuliza:

Asalaam alaykum, na kwa wasiotumia salamu hiyo, habari za asubuhi. Naomba msaada katika jambo lililonizidi kimo.

Binti yangu ameolewa Marekani, na mjukuu wangu wa miaka kumi na mitatu amekuja Tanga likizo akiwa na kazi ya shule: achore nasaba ya wazazi wake wote wawili. Upande wa mama yake tuliumaliza jioni moja barazani, kwa kuwa kaka yangu anazisoma nasaba zetu za Pangani kwa kichwa, fulani bin fulani, hadi kizazi cha saba, na anapokwama huwa ni kwa sababu ya kikohozi, si kwa kusahau. Upande wa baba yake ndio uliotushinda. Familia ya mkwe wangu ni ya Virginia tangu enzi za utawala wa Kiingereza. Vizazi vya karibu vimepatikana katika sensa, kwani kuanzia ile ya 1850 kila mtu huru ametajwa kwa jina lake. Katika sensa za nyuma, tangu ya kwanza ya 1790, anatajwa mkuu wa kaya peke yake, na wengine wamehesabiwa tu kama robota za mkonge.

Kwa hiyo mkwe wangu alihamia kwenye wasia na hati za ardhi, akanitumia picha mbili. Ya kwanza ni wasia wa mzee mmoja uliothibitishwa mahakamani mwaka 1784. Anamtaja mkewe, wana watatu wa kiume na mabinti wawili, na kila mmoja anapewa chake, kuanzia mashamba mawili yaliyotajwa kwa mipaka hadi godoro la manyoya. Ya pili ni hati ya 1791 ya kaunti hiyohiyo, ambamo mtu mwenye jina la ukoo huohuo anauza eka 212. Huyu muuzaji ndiye babu wa mkwe wangu, hilo halina shaka. Shaka ni kama yule mzee wa wasia ni baba yake, kwa sababu katika wasia hayumo kabisa, hata kwa shilingi moja.

Mimi nimezoea mirathi yetu, ambamo mtoto hawezi kuachwa nje, na wasia hauvuki thuluthi wala haumwendei mrithi. Nikamwambia mjukuu wangu kwamba kama hakutajwa basi si mtoto wake. Usiku sikulala vizuri. Je, nimekosea?

Kijana wa Ngamiani amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Sioni sababu ya kujitesa. Kwenye intaneti nasaba hizo zimeshachorwa na wenyewe Wamarekani. Nimetafuta kwa maelezo uliyoyatoa nikakuta watu zaidi ya arobaini wamemwandika yule mzee kuwa baba wa huyo muuzaji, na wote wameweka mwaka uleule wa kuzaliwa. Watu arobaini hawawezi kukosea kwa pamoja. Mtoto anakili, apeleke shule, aende zake kuogelea.

Karani Mstaafu wa Ardhi amejibu:

Watu arobaini wanaweza kukosea kwa pamoja, kijana wangu, ikiwa thelathini na tisa walinakili kwa mmoja. Nilifanya kazi ya hati kwa miaka ishirini na sita, na nimeona kosa moja la mpaka likinakiliwa kutoka faili hadi faili mpaka likawa na mihuri mingi kuliko ukweli. Hata hivyo, sisemi kwamba hao arobaini wamekosea. Ninasema hawajathibitisha.

Mwalimu, umekosea, lakini kosa lako ni la heshima, kwa sababu umeusoma wasia wa Kiingereza kwa macho ya mirathi ya Kiislamu. Sheria ile haikumlazimisha mzee kumgawia kila mtoto. Alikuwa huru kumwachia amtakaye, na ardhi ambayo hakuisema katika wasia ilikuwa na njia yake yenyewe. Katika Virginia ya wakati ule, ardhi isiyosemwa ilimwendea mwana wa kiume wa kwanza peke yake. Wadogo zake hawakupata hata tuta moja. Bunge la Virginia liliifuta kanuni hiyo kwa sheria ya 1785, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1787, na tangu hapo watoto wote wakawa warithi sawa. Huko Massachusetts mambo yalikuwa mengine, kwani mwana wa kwanza alipata mafungu mawili na wenzake fungu moja moja. Ndiyo maana kabla ya kusoma wasia wowote wa huko ni lazima uulize kwanza ni koloni gani na ni mwaka gani.

Sasa tazama tarehe zako. Mzee wako amefariki kabla ya 1787. Maana yake ni kwamba mwana wa kwanza ndiye hasa mtu ambaye baba hakuwa na haja ya kumtaja, kwa kuwa sheria ilikuwa imekwisha kumwandikia fungu lake. Baba anatumia wasia kuwalinda wadogo na mama yao, halafu anakaa kimya kuhusu shamba la mkubwa. Wengine walimwachia mkubwa shilingi moja ili asije akasema alisahauliwa, na watu wa leo wakiiona shilingi hiyo hudhani palikuwa na ugomvi. Mara nyingi hapakuwa na ugomvi wowote. Mtoto alikuwa ameshapewa lake wakati baba yu hai.

Lakini kuwezekana si kuthibitika. Fanya mambo haya. Mwombe mkwe wako atazame faharasa ya wanunuzi ya kaunti ile, si ya wauzaji, kuanzia mwaka ambao babu yake angeweza kuwa na umri wa miaka ishirini na moja hadi 1791. Atafute pia katika vitabu vya ardhi iliyotolewa na serikali. Kama babu aliuza eka 212 na hakuna mahali aliponunua, hakuna mahali alipopewa na serikali, na hakuna wasia wa mtu mwingine uliompa, basi imebaki njia moja au mbili tu: amerithi, au zimekuja na mke. Shamba halidondoki kama embe. Halafu asome tena mstari wa wasia unaosema mali iliyosalia iende kwa nani. Ukisema mali yote iliyosalia, pamoja na ardhi, hoja yangu imekufa. Ukisema mali inayohamishika tu, hoja iko hai.

Jambo la mwisho, mkwe wako achore mipaka. Hati zao za zamani hazina namba ya kiwanja wala bikoni. Zinaanzia kwenye mti na kutembea kwa dira: kutoka mwaloni mweupe ulio kwenye mkono wa kijito, Kaskazini nyuzi kadhaa Mashariki, fimbo kadhaa, hadi kwenye msonobari, na kadhalika mpaka kurudi kwenye mwaloni uleule. Fimbo moja ya kipimo chao ni futi 16 na nusu, na fimbo nne ni mnyororo mmoja wa mpimaji, yaani futi 66. Achukue karatasi ya miraba na kipimapembe cha shule, achore. Sisi nasi hati zetu za kale za pwani zilikuwa hivyo: kibla kwa fulani, suheli kwa fulani, matlai njia, magharibi bahari. Anayejua kusoma moja ataisoma na nyingine.

Bi Msomahati amejibu:

Namuunga mkono Mzee Karani, nami niongeze machache, kwa kuwa nimewahi kuwasaidia jamaa zangu wawili waliooa na kuolewa huko.

Kwanza, Mwalimu, wewe umeangalia picha, lakini je, mmesoma hati yote hadi chini? Watu husoma majina ya juu na bei, wakaacha ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili ndio wenye habari za wanawake. Mke wa muuzaji alikuwa na haki ya thuluthi ya ardhi ya mumewe kwa matumizi ya maisha yake iwapo angefiwa, kwa hiyo mnunuzi mwenye akili alidai mke naye akubali. Mahakimu walimhoji faraghani, mumewe akiwa mbali, kama ameridhika mwenyewe. Hapo ndipo jina lake la kwanza linapoandikwa, na pengine halikuandikwa tena popote.

Msichanganye thuluthi hiyo na hesabu zetu. Kwetu mjane mwenye watoto hupata thumni, na ni yake moja kwa moja, anaweza kuiuza kesho. Mjane wa Virginia alipata thuluthi ya ardhi, lakini ya kukalia na kulima tu hadi afe, kisha inarudi kwa mwenye shamba. Kama wasia haukumridhisha, aliweza kwenda mahakamani kuukataa na kudai thuluthi yake. Kitabu cha maamuzi ya mahakama ya kaunti kitaonyesha. Hakina faharasa nzuri, lakini miaka miwili au mitatu baada ya 1784 si mingi ya kupekua ukurasa kwa ukurasa.

Pili, mwandiko. Maneno yamefupishwa ovyo: Jno si Jonathan bali ni John, na herufi ndogo f mbili zikifuatana mwanzoni mwa jina ni F moja kubwa. Kumbukeni pia kwamba kilichomo kitabuni ni nakala ya karani, si saini ya mwenyewe. Lakini kama mtu hakujua kuandika, karani mara nyingi alinakili hata alama aliyoiweka. Niliwahi kutenganisha watu wawili wa jina moja kwa alama tu, mmoja akichora msalaba na mwingine akichora kitu kama ndoano.

Tatu, maneno ya udugu. Mtu akiitwa mkubwa na mwingine mdogo katika hati za wakati ule, si lazima wawe baba na mwana. Wanaweza kuwa mtu na mpwa wake, au watu wawili tu wa kijiji kimoja waliotofautishwa kwa umri. Na aliyeandikwa kuwa mkwe anaweza kuwa mtoto wa kambo. Mkifika hapo msiandike kwa kalamu ya wino.

Kuhusu pa kutafutia, FamilySearch ni ya bure na ina picha nyingi za vitabu vya kaunti, na siku hizi ina njia ya kutafuta neno lolote ndani ya maandishi ya mkono, siyo majina ya faharasa peke yake. Maktaba ya jimbo la Virginia iliyoko Richmond imeweka mtandaoni vitabu vya ardhi iliyotolewa tangu 1623, pamoja na mashauri ya mahakama ya chancery, ambako ndugu walishitakiana kuhusu kugawana. Ugomvi wa warithi ni neema kwa mtafuta nasaba, maana unawataja wote, hadi aliyehamia mbali na asiyejulikana kama yu hai.

Mwalimu wa Raskazone ameandika tena:

Nawashukuru sana. Imepita wiki moja, na tumefanya kila mlichosema, mjukuu akiwa na kipimapembe na mimi nikiwa na miwani miwili.

Mstari wa mali iliyosalia unasema mali inayohamishika tu. Katika faharasa ya wanunuzi babu hayumo kabla ya 1791. Hakuna hati ya serikali yenye jina lake. Lakini yule mzee wa wasia anayo: mwaka 1756 alipewa eka 400 pande zote mbili za kijito kimoja. Mwaka 1771 mzee huyo aliuza eka 188 za upande wa chini. Mjukuu wangu ndiye aliyetoa hesabu kabla sijashika kalamu: 400 kutoa 188 ni 212.

Sikutaka kushangilia mapema, kwa sababu namba zinaweza kugongana. Tukachora. Hati ya 1756 inaanzia kwenye mwaloni mweupe uliotajwa kuwa na shina pacha, karibu na mdomo wa kijito. Hati ya 1791 inaanzia kwenye kisiki cha mwaloni. Kwa miaka thelathini na mitano mti umekatwa, lakini kona ni ileile, kwani mistari mitatu inayofuata ina nyuzi zilezile na fimbo zilezile, isipokuwa mmoja uliopishana kwa fimbo mbili. Mzee Karani atatuambia kama hilo ni tatizo.

Na ukurasa wa pili, Bi Msomahati! Umeandikwa kwamba ardhi inauzwa isipokuwa thuluthi iliyopimwa kwa ajili ya mjane, wakati wa uhai wake, na jina la mjane huyo ni lilelile la mke wa mzee wa wasia. Mimi nilikuwa nimelisoma nikadhani ni mke wa muuzaji. Kitabu cha mahakama nacho kinasema mama huyo alifika mwaka 1784 na kuukataa wasia.

Karani Mstaafu wa Ardhi amejibu:

Fimbo mbili si tatizo. Mnyororo hulegea, mshika mnyororo huchoka, na dira nayo haisomi sawa baada ya miaka thelathini na mitano. Ningekuwa na wasiwasi kama mistari yote ingelingana kabisa, maana ingemaanisha hakuna aliyepima upya. Karani alinakili tu.

Thuluthi ya mjane ndiyo iliyofunga shauri. Haki hiyo hukaa juu ya ardhi aliyokuwa nayo mume. Kama ardhi aliyouza babu inabeba thuluthi ya mjane wa mzee, basi ilikuwa ya mzee; na kama ilitoka kwa mzee bila wasia wala mauzo kabla ya 1787, ilimfikia mwana wa kwanza. Kingekuwa kiwanja changu, ningetia muhuri. Mwambie mjukuu aandike pia njia aliyopita, hati kwa hati, ili wale arobaini wapate cha kunakili.

Kijana wa Ngamiani amejibu:

Nimekubali, Mzee. Lakini jibu lilikuwa lilelile.

Mkaazi wa Bagamoyo amejibu:

Samahani kwa kuingia nikiwa nimechelewa. Mmeongelea wasia, mmeongelea ardhi, lakini hakuna aliyeuliza kuhusu orodha ya mali ya marehemu. Baada ya wasia kuthibitishwa, mahakama iliteua majirani kadhaa wakaingia nyumbani, wakaandika kila kitu na bei yake. Kwa Virginia ya 1784, Mwalimu, jiandae. Baina ya ng'ombe na sufuria mnaweza kukuta majina ya watu.

Nasema hivi bila nia ya kumlaumu mkwe wako. Naandika kutoka mji ambao watu waliletwa pwani kwa minyororo, na majina yao wengi hayakuandikwa popote. Kwa Wamarekani weusi, sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja walio wengi wao kwa majina kamili. Nyuma ya hapo, anayetaka kumfuata bibi yake hulazimika kupita katika karatasi za mtu aliyemmiliki. Jina moja, bila la ukoo, na bei pembeni. Kisha ukurasa wa mgawanyo unaonyesha nani alimchukua nani, na hapo mama hutenganishwa na mtoto kwa mstari mmoja wa wino. Mkiipata orodha hiyo, nakilini majina yote jinsi yalivyoandikwa, na mahali pa kitabu na ukurasa. Yuko mtu anayeyatafuta.

Mwalimu wa Raskazone ameandika tena:

Ndugu yangu wa Bagamoyo, orodha tulikuwa nayo tangu siku ya tatu. Niliifunga haraka mjukuu alipokaribia. Ina majina manne: mwanamume mmoja, mwanamke mmoja, na watoto wawili, na yule mdogo ameandikwa pamoja na mama yake kwa bei moja. Baada yao ni jozi ya ng'ombe wa kulimia na shoka kuukuu.

Jana usiku nilimwita nikamfungulia. Aliuliza kama hao nao wanaingia katika mchoro wake. Nikamwambia si wa damu yake kwa tunavyojua, lakini waliishi katika zile eka 212. Amewaandika pembeni ya ramani, upande wa kijito, kila mmoja kwa jina lake, na chini yake kitabu na ukurasa. Baba yake amesema ataitafuta hati ya mgawanyo ili tujue walikopelekwa.

Limebaki swali moja kwa Bi Msomahati. Katika wasia mzee anamwita mama huyu "mke wangu wa sasa". Je, maana yake ni kwamba babu alizaliwa na mke mwingine aliyetangulia? Mjukuu wangu anataka kujaza kisanduku cha mama.

Bi Msomahati amejibu:

Asikijaze bado. Maneno hayo yalitumika sana hata na mtu aliyeoa mara moja tu maishani. Mwandishi wa wasia alitaka kusema mke aliye hai leo, si mwingine atakayeolewa baadaye. Itafuteni hati ile ya 1771 ya eka 188, msome ukurasa wa pili, mwone ni mwanamke gani aliyehojiwa faraghani siku ile. Likiwa jina lilelile, mtakuwa mmesogea nyuma miaka kumi na mitatu naye. Likiwa jingine, nipigie hodi hapahapa.

Mwalimu wa Raskazone ameandika tena:

Ukurasa wa pili wa hati hiyo una tundu la panya mahali penye jina. Limebaki herufi ya kwanza na sehemu ya pili, nayo si herufi ya mama yule wa wasia. Kisanduku tumekiacha wazi, kwa penseli.